Naomba ushauri: vifaranga wa kamba wanakufa wakifika zoea, hatua ya mwanzo ya lava

Mfugaji Mgeni: Wakuu, nina kituo kidogo cha kutotoleshea kamba kisiwani Mafia, chenye matangi manne ya tani tano. Kwa mizunguko miwili mfululizo vifaranga wanaacha kula, wanazama, na asubuhi ninakuta tangi karibu tupu. Joto ni nyuzi 29, chumvi 32, pH 8.1, na maji ninayatibu kwa klorini. Je, ninunue kichujio gani?

Fundi Pampu: Kichujio baadaye. Klorini unaiondoaje? Puliza hewa mfululizo, kisha dondoshea dawa ya kupimia. Sampuli ikigeuka manjano, klorini bado imo na itawaua.

Mzee wa Mwatiko: Marehemu baba alifuga mwatiko miaka mingi na kipimo chake kilikuwa ulimi. Ninyi wa siku hizi mna mashine nyingi na samaki wachache.

Bi Kaskazi: Ukizima taa usiku, maji yanang'aa?

Mfugaji Mgeni: Yanang'aa kijani, hasa nikiyakoroga kwa mkono. Sikutaja kwa kuwa hata baharini huwa hivyo. Nimekwisha kutia antibiotiki niliyopewa na rafiki, na nimeacha kubadilisha maji ili dawa isipotee.

Bi Kaskazi: Ndugu yangu, wanaong'aa hao wanaelekea kuwa bakteria wa jamii ya vibrio, ambao wakizoea dawa watakusumbua mizunguko yote ijayo. Tia klorini ndani ya tangi kabla ya kumwaga, sugua, anika juani, na mayai ya mzunguko ujao uyaoshe kwa maji safi ya bahari.

Mfugaji Mgeni: Nimepokea malipo ya awali ya vifaranga laki mbili, na tangi la nne bado wanaogelea. Siwezi kumwaga.

Mzee wa Mwatiko: Pesa ya watu hiyo. Mrudishie mwenyewe.

Mpiga Kasia: Mimi nina shaka na kisa chenyewe. Tumo katikati ya masika, Rufiji inamwaga maji ya tope yasiyo na chumvi hadi mkondo wa Mafia, naye anasoma chumvi 32 bila kutetereka? Hana hata tangi moja huyu.

Mfugaji Mgeni: Matangi ninayo. Vipimo hivyo ni vya mwezi wa pili. Refraktomita, kile kipimo cha chumvi, ilianguka ikavunjika, nami nikaendelea kuandika namba zilezile daftarini.

Fundi Pampu: Kumbe ulitaka tukuchagulie kichujio cha maji usiyoyajua. Kaazime kipimo leo, uanze na hilo tangi la nne.