Mabasi ya usiku yapigwe marufuku tena?

Mleta mada: Tangu Oktoba 2023 mabasi ya Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri saa 24, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Nasema irudishwe. Mchana dereva huwahi kukanyaga breki, basi likagonga mwendo ukiwa umeshapungua. Gizani hugonga na mwendo wake wote, ndiyo maana majeruhi wa usiku huumia vibaya zaidi.

Fundi Breki: Basi shida ni mwendo. Ukishusha taa kumpisha anayekuja, mtu mwenye nguo nyeusi unamwona akiwa mita 40 au 50. Kwa kilomita 80 kwa saa, basi linakula mita 33 kabla mguu haujafika kwenye breki (sekunde moja na nusu), halafu mita 50 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla 83. Kwa 100 ni kama 120, na nguvu ya kugonga inazidi mara moja na nusu. Kwa 60 ni mita 53 tu. Wekeni 60 usiku. Mfumo wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) wa kufuatilia mwendo wa mabasi upo.

Mzee wa Trela: Mnasahau lori bovu lililoachwa barabarani. Utingo anatandaza matawi mita kumi nyuma, basi. Viakisi vya trela vimefunikwa na tope, na chuma cha nyuma kinachozuia gari lisiingie uvunguni hakipo, au kimeungwa kwa bati. Gari dogo likiingia humo, bodi ya trela inafika usawa wa vichwa vya abiria. Mkanda haukusaidii kitu.

Kilimanjaro: Tena taa nyeupe za kuchomeka kwenye kioo cha taa kisichotengenezewa taa hizo! Mwanga unatawanyika, dereva wa mbele anabaki kipofu sekunde kadhaa. Na msiisahau magharibi: watu hawajawasha taa kwa kuwa "bado kunaonekana".

Mleta mada: Sawa, tuseme 60. Dar hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 1,100. Safari inarefuka, na usingizi mzito unakuja saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri. Dereva wa pili alale wapi, kwenye siti inayorukaruka?

Fundi Breki: Alale kituoni, wabadilishane Dodoma au Singida. Ila tajiri wa basi atalipa chumba?