Ofisi ya mashtaka na shule zetu za kata: tushirikiane vipi ili wanafunzi wawe salama?

MwalimuMalezi, Chamwino

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, na jambo ninalolileta hapa limeninyima usingizi tangu mwaka jana.

Wanafunzi wetu wengi wanatoka vijiji vya mbali, na kwa kuwa hatuna hosteli, wazazi huwapangishia vyumba jirani na shule, yaani hayo tunayoyaita mageto. Msimu wa kilimo ukifika, mzazi aliyekuwa akija kila wiki na unga wa uwele huenda akakaa shambani mwezi mzima, na mtoto wa miaka 15 hubaki peke yake, akijipikia, akijilinda na kuamua mwenyewe kama apande pikipiki ya mtu anayemwita dada kila jioni.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili alipata ujauzito katika mazingira hayo. Tulitoa taarifa, mtuhumiwa akakamatwa, kesi ikafika mahakamani, nami nikaitwa kuthibitisha kwamba alikuwa mwanafunzi wetu. Nilikwenda na rejista kwapani nikiamini kwamba kazi yangu ni nyepesi. Wakili wa utetezi aliifungua taratibu, akaweka kidole kwenye safu ya majina, akaniuliza kwa nini jina lililomo si lile lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Shuleni binti alikuwa anatumia jina la babu yake, na nyumbani jina la baba. Akaniuliza tena ni nani aliyeandika mwaka wa kuzaliwa kwa penseli, na aliuandika lini. Sikuwa na jibu, kwa sababu mwalimu aliyewaandikisha alikuwa ameshahamishwa. Mama mzazi hakufika siku aliyotakiwa kwa kukosa nauli, na baadaye tukasikia kwamba ndugu wameanza mazungumzo na upande wa pili. Mshtakiwa aliachiwa huru, na mpaka leo anapita mbele ya lango letu.

Uamuzi wa mahakama ninauheshimu, wala simwiti mkosaji mtu ambaye hakutiwa hatiani. Kinachoniuma ni kwamba ukweli wa jambo lile haukupata hata nafasi ya kupimwa, kwa kuwa karatasi zetu wenyewe zilikuwa zimeuangusha kabla.

Sasa mkuu wetu wa shule anapendekeza tuandike barua kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, tuombe Mawakili wa Serikali waje shuleni mara kwa mara. Walimu tumegawanyika. Wapo wanaosema ndiyo dawa, na wapo wanaohofia kwamba kila kosa la utovu wa nidhamu litaanza kupelekwa polisi. Ninaomba mwongozo wa wenye uzoefu: tuombe nini hasa, kwa njia gani, na mpaka uwe wapi?

WakiliKatiyaNchi

Mwalimu, pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha lililotokea. Mimi ni Wakili wa Serikali, nimefanya kazi Singida na Dodoma, na hapa ninasema kwa uzoefu wangu tu, si kwa niaba ya ofisi.

Tuanze na mipaka ya kazi, kwa sababu hapo ndipo shule nyingi zinapotea. Ibara ya 59B ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai, na inamtaka aongozwe na nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Sisi tulio chini yake hatukamati watu. Upelelezi ni wa polisi, nasi tunalipokea jalada, tunalisoma, tunaelekeza kinachopungua, kisha tunaamua kama ushahidi unatosha. Kwa hiyo shule inayompigia Wakili simu badala ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi inapoteza saa ambazo hazirudi. Kama binti amebakwa, dawa ya kumkinga dhidi ya virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, haipaswi kusubiri kikao cha kamati ya nidhamu.

Tunachoweza kuwapa ninyi ni elimu ya ushahidi kabla tukio halijatokea, na ningeanza na walimu kabla ya wanafunzi. Chukua hiyo rejista yako. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa mwaka 2016, kinatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, lakini lazima kwanza tuthibitishe kwamba aliyepewa ujauzito ni mwanafunzi, na mwenye ushahidi huo ni mwalimu. Kifungu hicho hicho kinamtaka mkuu wa shule atunze kumbukumbu za matukio ya ndoa na mimba na kupeleka taarifa kila robo mwaka. Nimetembelea shule ambazo daftari hilo halipo kabisa. Shtaka likiwa la kubaka mtoto, umri nao lazima uthibitishwe, na Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba unaweza kuthibitishwa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kikiwepo. Mwaka ulioandikwa kwa penseli na mtu asiyejulikana haumo katika orodha hiyo.

Lingine ni mahojiano. Mtoto akisema jambo, husikilizwa na mwalimu wa zamu, kisha mwalimu wa malezi, kisha makamu, kisha mkuu, na kila mmoja anamwandikisha maelezo yake. Mtoto aliyeumizwa hasimulii mara nne kwa maneno yale yale, hakuna anayeweza, lakini wakili wa utetezi akizipata karatasi hizo nne atazipanga mezani na kuuliza ipi ni ya kweli. Mwalimu mmoja anayeaminiwa na mtoto amsikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, tarehe na saa, atie saini, kisha waende kituoni.

Kuhusu mpaka: mkituita, msitarajie tuje kumwandaa shahidi kwa kumpa maneno ya kusema, wala tuahidi kwamba fulani atashtakiwa. Barua yenu ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisa elimu sekondari, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ili asije mtu akaona mmemruka.

MwalimuMstaafu, Mpwapwa

Wanangu, nimefundisha miaka 34 na nimekuwa mkuu wa shule kwa 12 kati ya hiyo. Ninaunga mkono aliyosema Wakili kuhusu kumlinda mtoto dhidi ya mtu mzima anayemdhuru. Hofu yangu iko upande mwingine, kwa mtoto anayekosea.

Siku moja kijana wangu wa Kidato cha Tatu alituhumiwa kuiba simu ya mwenzake bwenini. Nilikuwa safarini, na mwalimu aliyekaimu, kwa kutaka kuonyesha ukali, akaita polisi. Kijana alilala mahabusu siku mbili pamoja na watu wazima, kinyume kabisa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka mtoto atengwe nao na shauri lake lisikilizwe katika Mahakama ya Watoto. Simu ilipatikana ndani ya godoro la mwenye simu. Kijana alirudi kuchukua sanduku lake, akakataa kunitazama usoni, akaondoka, wala hakurudi tena darasani. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nilimleta kwako au kwa polisi?"

Kwa hiyo kabla hamjaandika barua hiyo, kaeni kikao muandike ni mambo gani yanatoka nje ya lango na yapi yanabaki ndani. Kubaka, kulawiti, kumpa mwanafunzi mimba, kujeruhi kwa silaha, kuuza dawa za kulevya, hayo hayana mjadala. Utoro, matusi, ugomvi wa ngumi, wizi wa daftari, hayo ni malezi. Na walimu nao wajikague. Kanuni za adhabu ya viboko zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Shule inayomkaribisha Wakili huku walimu wake wanatembea na fimbo kila kipindi haijajiandaa kuzungumzia usalama.

Nimesoma pia habari za Marekani. Kule waendesha mashtaka wa wilaya wengi huchaguliwa kwa kura, na huko California wameingia mpaka katika bodi zinazoshughulikia utoro. Mwaka 2011 sheria ya jimbo hilo ilianza kuruhusu mzazi wa mtoto mtoro sugu wa shule ya msingi ashtakiwe, na aliweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Wapo wanaosifu kwamba tishio hilo limerudisha watoto darasani, na wapo wanaolia kwamba limewaangukia wazazi maskini. Kwetu mtoto anayekosa shule mwezi wa Januari mara nyingi yuko shambani anapalilia, kwa sababu ghala la nyumbani limebaki vumbi. Ukimpeleka mzazi huyo kwa Wakili, umemwongezea njaa. Sheria yetu nayo ina adhabu kwa mzazi asiyepeleka mtoto shule, lakini ningependa iwe ya mwisho kabisa kuguswa.

UstawiKata

Shikamoo Mwalimu mstaafu, na salamu kwenu nyote. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, nitaongeza kipande kinachonihusu.

Katika mashauri niliyoyafuatilia, mengi yalifia nyumbani kabla hayajafika mahakamani. Wazee wanakaa, wanataja idadi ya ng'ombe au mbuzi, binti anapelekwa kwa shangazi yake Kiteto, na siku ya kesi shahidi hayupo. Wakili hawezi kumtafuta. Tunaoweza kujua mtoto amelala wapi ni mimi, mtendaji wa kijiji na mwalimu wake, kama tunazungumza. Kwa hiyo katika ushirikiano huo msituache nje, wala msiisahau kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, na mbandike namba 116, ile ya simu ya kuwasaidia watoto, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana. Ubao wa ofisi ya walimu haufai. Mlango wa choo cha wasichana, kwa ndani, unafaa zaidi.

Jambo jingine ni la kurudi shule. Waraka wa Elimu wa mwaka 2021 unamruhusu binti aliyejifungua kurejea masomoni. Wengi tunauona kama huruma kwake, na ni kweli, lakini binti aliyerudi darasani pia hafichwi kwa urahisi. Anaonekana kila siku, na ana watu wa kusimama naye akiitwa mahakamani.

MamaIpagala

Mimi ni mzazi tu, na mwanangu amepanga chumba karibu na shule kama hao mnaowasema. Ninawasikiliza mkizungumza kesi na ninashukuru, ila kesi inakuja baada ya mtoto kuumia. Je, shule inajua ni nani wenye nyumba hizo? Nilipompangishia mwanangu, mwenye nyumba hakuniuliza chochote zaidi ya kodi ya miezi 3, na chumba cha jirani alikuwa amempangisha kijana asiyejulikana kazi yake. Mlango wa mwanangu ulikuwa na kitasa tu, komeo la ndani nilinunua mwenyewe. Kama Wakili anakuja, naomba asiishie kwa walimu. Wenye nyumba na viongozi wa bodaboda nao waitwe, waambiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba anayesaidia mwanafunzi kuozeshwa naye ana kosa mbele ya sheria, na kwamba anayeshuhudia akanyamaza hatusaidii sisi wazazi.

MwalimuMalezi, Chamwino

Ninawashukuru sana. Mama Ipagala, maneno yako nimeyasoma mbele ya mkuu wa shule, naye ameagiza tupite kila geto tuandike jina la mwenye nyumba, idadi ya vyumba na kama milango ina komeo. Kwa geto la kwanza tulilofika leo jioni, wasichana 4 wanalala chumba kimoja ambacho dirisha lake limezibwa kwa gunia la mbolea. Mwalimu wangu mstaafu, kikao cha kutenganisha mambo ya ndani na ya nje tutakifanya kabla barua haijaandikwa, na suala la fimbo litakuwa ajenda, ingawa najua halitapita kimya.

Wakili, naomba unijibu moja. Nimepitia Kidato cha Kwanza mkondo A peke yake, na wanafunzi 11 kati ya 52 wana majina mawili kama yule binti. Tufanyeje?

WakiliKatiyaNchi

Usifute wala kusahihisha juu ya jina la zamani, kwa sababu rejista iliyochezewa ni mbaya kuliko yenye kasoro. Mwite mzazi, alete cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kisha uandike kwa kalamu ya wino, katika sehemu ya maelezo, kwamba mwanafunzi huyu anafahamika pia kwa jina fulani. Weka tarehe, jina lako na saini yako, na mzazi atie yake. Kukitokea shauri, mwambie mpelelezi tangu siku ya kwanza ili hati ya mashtaka ibebe majina yote mawili. Anza na hao 11.