Binti kaniuliza "went" imetoka wapi, nimjibu nini?

Baba Nuru: Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa walimu wa Kiingereza. Binti yangu yuko darasa la tano. Jana kaandika kwenye daftari "I goed to the market". Nikamwambia siyo "goed", ni "went". Akauliza, "Baba, mbona 'play' ni 'played' na 'walk' ni 'walked'? Hii 'went' inafanana wapi na 'go'?" Nikamjibu kariri tu, ndivyo ilivyo. Akafuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, akanyamaza. Roho imeniuma tangu jana. Nimweleze nini?

Mtu wa Pwani: Akariri tu mkuu. Mtihani hauulizi asili ya neno.

Ticha wa Zamu: Hapo nakataa. Mtoto akiuliza vile, ujue ameshaiona kanuni mwenyewe. Mkuu, "went" kwa "go" ni mtoto wa kufikia. Mzazi wake ni kitenzi kingine, "wend", ambacho zamani maana yake ilikuwa kugeuka, baadaye kushika njia. Mwandikie hivi, moja chini ya nyingine: send, sent. Bend, bent. Spend, spent. Halafu: wend, went. Mwache aitazame.

"Go" nayo ilikuwa na wakati wake uliopita. Kwenye Kiingereza cha kale walisema "eode", ambayo nayo ni ya shina jingine kabisa. Kufikia karne ya 15 "went" ikawa imeshika nafasi hiyo kusini mwa Uingereza, na "wend" ikatafutiwa "wended". Scotland walikwenda njia yao, wakasema "gaed", yaani kitenzi chao cha kwenda wakakitia mkia uleule wa "played". Kwa hiyo binti yako alifikiri kama Waskoti. Usimwambie alikosea kijinga.

Baba Nuru: Ahsante sana mwalimu. Ila akiniuliza kwa nini watu waliacha kanuni?

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, mrudishe kwenye Kiswahili. Tunasema soma, pika, andika. Je, mtu ukimwita unamwambia "ja"? Unamwambia "njoo". Na chai husemi "leta", unasema "lete". Haya ni maneno ya kila siku, mtoto anayasikia kabla hajajua kanuni yoyote, ndiyo maana hayanyooshwi. Hata Wafaransa: "naenda" ni "vais", "nitaenda" ni "irai", mizizi miwili ya Kilatini.

Baba Nuru: Mrejesho. Leo nimemwandikia ile safu, nikaacha nafasi mbele ya "wend". Akaijaza mwenyewe, akapiga meza! Sasa anauliza "am", "be" na "was" mama yao nani.

Ticha wa Zamu: Hao mama zao watatu, mkuu. Kesho nikitoka kipindi nakuandikia.