Chiriku wa njano wamenikimbia, nimekosea wapi?

Mwenye Dirisha:
Wakuu, habari za humu. Niko Iowa, Marekani, mwaka wa pili sasa. Agosti iliyopita walinijia ndege wadogo wa njano kama ndimu iliyoiva, kofia nyeusi kwenye paji, mabawa meusi yenye mistari myeupe. Walikuwa wananing'inia kwenye alizeti zangu za pembeni mwa uzio, wengine kichwa chini miguu juu. Jirani akaniambia ni goldfinch. Mimi nawaita chiriku tu, kwa jinsi walivyo na maneno mengi.

Nikanogewa. Nikanunua kile chombo cha kulishia cha bomba refu chenye vitundu vyembamba, pamoja na mfuko mkubwa wa Nyjer, zile mbegu nyeusi nyembamba. Oktoba nikang'oa mabua yote makavu, bustani ikawa safi. Tangu hapo sijamwona hata mmoja! Wanaokuja ni vindege wa rangi ya vumbi, wanadonoa mara mbili na kuondoka. Wamehama, au nimewaudhi?

Mzee wa Darubini:
Mkuu, unaishi Iowa na humjui huyu? Ndiye ndege wa jimbo lenu. New Jersey na Washington nao wamemchagua.

Sasa pole, maana hao wa rangi ya vumbi unaowadharau ndio hao hao. Hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka. Majira ya joto yakiisha dume huvua njano yake akabaki na kahawia iliyofifia, na majira ya machipuko huivaa tena kidogo kidogo. Aprili utamwona na viraka viraka kama ukuta uliopakwa rangi nusu. Usitazame kifua, tazama bawa: bado ni jeusi na mistari yake ipo. Akiruka hupanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi. Usione haya, mimi nilijaza daftari zima "shomoro?" kabla ya kushtuka.

Swali langu: huo mfuko umeufungua lini?

Mwenye Dirisha:
Agosti hiyo hiyo. Uko kibandani.

Mzee wa Darubini:
Basi hapo ndipo penye kesi. Mbegu hizo thamani yake ni mafuta, na mafuta hukauka. Weka moja juu ya karatasi nyeupe, iponde kwa ukucha. Isipoacha doa la mafuta, tupa. Nunua mfuko mdogo, na bomba lijaze nusu tu mpaka wakuzoee. Mbegu za alizeti zilizomenywa nazo wanazipenda sana.

Ila kosa kubwa ni ule usafi wako wa Oktoba. Uling'oa ghala lao! Alizeti, zinia, kosmosi, zikishanyauka ziache zisimame mpaka machipuko. Hawa ni wala mbegu hasa, wadudu hawana habari nao sana. Hata kuzaa huchelewa: wenzao wanafundisha makinda kuruka, wao ndio kwanza wanajenga, mwishoni mwa Juni au Julai, wakisubiri mibaruti, yale magugu ya miiba, itoe mbegu na ile pamba yake ya kutandika kiotani. Jike hufuma kiota kikabana hadi kinaweza kushika maji. Na yule ndege mvivu anayetaga kwenye viota vya wenzake, kwa hawa huambulia patupu, kwa sababu kinda lake haliwezi kukua kwa mbegu tupu.

Bi Jagi:
Naongezea moja. Osha hicho chombo kila baada ya wiki mbili: dawa ya kung'arishia nguo (bleach) sehemu moja, maji sehemu tisa, suuza, kikauke kabisa. Jamii hii hushikwa na ugonjwa wa macho, yanavimba na kufunga utando, na huambukizana wakibanana hapo hapo. Ukimwona mgonjwa, shusha chombo kwa wiki mbili hivi.

Na Nyjer si mbegu za mbaruti, watu huchanganya. Ni zao la mafuta, linalimwa Ethiopia na India. Zinazoingizwa Marekani hupitishwa motoni zisiote.

Mwenye Dirisha:
Nimeponda mbegu sita. Kavu kama majivu, karatasi haina hata alama. Nimezimwaga zote.

Na asubuhi hii nimekaa na chai dirishani, wakaja watatu wa rangi ya vumbi. Nikatazama bawa. Mistari miwili myeupe, juu ya nyeusi tii.