Thamani kamili katika hesabu za kutolingana: kwa nini jawabu mara huwa kipande kimoja, mara viwili?

Mwanafunzi wa Wete
Assalaam alaykum. Najitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne nikiwa nje ya skuli, na hesabu za kutolingana zenye thamani kamili ndizo zinazonikwamisha. Kitabu kinasema |x − 3| < 2 jawabu lake ni 1 < x < 5, lakini |x − 3| > 2 jawabu lake ni x < 1 au x > 5. Kanuni nimeihifadhi, ila sababu yake siijui, na swali likigeuzwa kidogo tu, kama |5 − 2x| ≤ 7, au x ikiwa pande zote mbili, kama |x − 4| < 2x + 1, sijui pa kuanzia. Naomba walimu mnifafanulie.

Mwalimu wa Chake Chake
Wa alaykum salaam, mwanangu. Iache kanuni kwanza, ushike maana: |x − 3| ni umbali kati ya x na 3 kwenye mstari wa namba, na umbali hauwi hasi.

Chukua gunia la karafuu linalotakiwa liwe na kilo 50, kwa tofauti isiyozidi nusu kilo. Sharti hilo ni |x − 50| ≤ 0.5. Magunia yanayokubaliwa yamo baina ya 49.5 na 50.5, kwa kuwa ni lazima gunia lisipungue hapa na wakati huo huo lisizidi pale. Ndiyo maana tunasema "na", na jawabu likawa kipande kimoja. Yanayokataliwa ni mepesi mno au mazito mno, na hakuna gunia lililo mepesi na zito kwa pamoja, kwa hiyo vipande ni viwili na kiungo chake ni "au". Vivyo hivyo kwa |x − 3| > 2 uliyoitaja: anayeandika 5 < x < 1 anadai kuwepo namba inayozidi 5 na papo hapo ikapungua 1, nayo haipo.

Kuhusu |5 − 2x| ≤ 7, umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi, basi andika |2x − 5| ≤ 7, uepukane na kugawa kwa namba hasi, kunakogeuza alama na kuwapotezea wanafunzi wengi maksi. Utapata −7 ≤ 2x − 5 ≤ 7, kisha −2 ≤ 2x ≤ 12, na mwisho −1 ≤ x ≤ 6.

Vile vistari viwili, alivyovianzisha Karl Weierstrass wa Ujerumani mwaka 1841, usivifungue kabla havijabaki peke yao upande mmoja. Katika 2|x − 3| + 1 < 9, toa 1, gawa kwa 2, ndipo ufungue |x − 3| < 4.

Mkaazi wa Mkoani
Naongeza lile la x pande zote mbili. |x − 4| < 2x + 1 lina masharti mawili yanayokwenda pamoja: x − 4 < 2x + 1, linalotoa x > −5, na x − 4 > −(2x + 1), linalotoa x > 1. Namba inayotimiza yote mawili ni x > 1. Jaribu 2: kushoto 2, kulia 5, ni kweli. Jaribu 0: kushoto 4, kulia 1, si kweli. Majaribio haya huchukua muda mfupi mno, wala sioni sababu ya mtahiniwa kuyaacha.

Mwanafunzi wa Wete
Nashukuru sana, walimu wangu. Je, vistari vikiwa pande zote mbili, kama |x + 1| > |x − 3|?

Mwalimu wa Chake Chake
Ni umbali tena: x iko mbali zaidi na −1 kuliko na 3. Katikati ya −1 na 3 ni 1, kwa hiyo x > 1. Ukitaka kuhakikisha, pande zote mbili si hasi, hivyo unaweza kuzipandisha kipeo cha pili: x² + 2x + 1 > x² − 6x + 9, yaani 8x > 8.