Tupeane uzoefu: mliofika mahekalu ya kale ya Shinto, dini ya jadi ya Japani

Msafiri_K: Leo nimepanga kabati nikakuta sarafu ya yen 5, ile yenye tundu wanayotoa sadaka hekaluni. Nikaikumbuka Ise, hekalu lao kuu, nimesimama chini ya ngazi za Naiku, lile hekalu la ndani, sijui nianze na lipi. Mliofika, hebu semeni.

Shangazi_Tanga: Unaanza na maji. Shika kata ya kuchotea maji kwa mkono wa kulia, osha wa kushoto, badilisha, kisha sukutua kwa kiganja. Kata isiguse mdomo! Halafu inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena.

BinPwani: Kuinamia mizimu ya watu, shangazi?

Shangazi_Tanga: Mwanangu, Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wadigo kule Kwale, wanakufunga kaniki kiunoni, na dini yako unatoka nayo. Ni adabu ya kwa watu.

BinPwani: Kaniki ni vazi, kuinama ni ibada. Mimi nilisimama pembeni, hakuna aliyenisema.

Fundi_Seremala: Na Ise ukale wake uko wapi? Jengo ni la 2013.

Msafiri_K: Wanalijenga upya kila miaka 20, desturi ya tangu 690. Lijalo ni 2033. Kinachorithiwa ni mkono wa fundi, wewe ungeelewa.

Nesi_Mwanza: Mimi ni Fushimi Inari, hekalu la mlimani, Kyoto. Novemba, saa kumi na moja jioni, wenzangu wanateremka mimi napanda. Mlima wenyewe mita 233 tu, nikajiamini. Giza likaingia, simu ikazima. Malango mekundu yamesongamana, kila njia panda inafanana na iliyopita. Nikasikia majani yanafukuliwa, na pumzi nzito. Nguruwe pori! Nikakumbatia nguzo, nikawa nasoma Zaburi ya 23 kwa sauti. Akatokea mzee na tochi. Hatukuelewana hata neno. Akanishika mkono, akaniwekea vidole kwenye maandishi yaliyochongwa nguzoni, akaonyesha chini. Ndipo nikaelewa: ukipanda huyaoni, ukiteremka yanakutazama.

Kijana_Osaka: Nimesisimka mwili mzima.

BinPwani: Pole sana dada. Nguruwe je?

Fundi_Seremala: Nendeni alfajiri, kabla ya watu.

Kijana_Osaka: Usiku ndio pazuri, ila muwe wawili. Mmoja awe na mbio kuliko nguruwe.

Msafiri_K: Na Ise, ukifika kwenye ngazi weka kamera mfukoni. Juu hapapigwi picha.

Nesi_Mwanza: @BinPwani aliingia kichakani. Mzee alinifikisha mpaka stesheni, akainama, akarudi zake mlimani. Kila Novemba namwombea.