Mwongozo wa ofisi bado unafundisha "or die": nifute au nirekebishe?

kipanga_tz: Wakuu, heshima kwenu. Nimekabidhiwa mwongozo wa waandika programu wa kampuni yetu, sehemu ya hitilafu. Uliandikwa enzi za PHP 5, toleo la zamani la lugha ya programu tunayotumia. Kila mfano unaishia na `or die(mysql_error())`, yaani hifadhidata ikigoma, programu ife na kuonyesha hitilafu kwenye skrini. Fanksheni hizo za mysql ziliondolewa PHP 7 ilipotoka mwaka 2015, sisi tuko 8.2. Vijana wanabadili mysql kuwa mysqli, mrithi wake, basi. Bosi anataka nami nifanye hivyohivyo, mwongozo mzima, hadi Ijumaa. Mnanishauri nini?

mwanalogi: Usithubutu, mkuu. Kuanzia 8.1 mysqli inarusha eksepsheni yenyewe, yaani hitilafu inayokatiza msimbo hapohapo mpaka idakwe. Kwiri (ombi kwa hifadhidata) ikigoma, `or die` haifikiwi kabisa, wala ukaguzi wa `if (!$matokeo)`. Kijana anadhani kajikinga, kumbe wapi! PDO, njia nyingine ya PHP kuongea na hifadhidata, nayo ilibadilika hivyo tangu 8.0.

dada_msimbo: Na hata ilipokuwa ikifanya kazi ilikuwa balaa. Mteja anajaza fomu, anaonyeshwa majina ya majedwali yenu. Yeye apewe ujumbe mfupi, undani uende kwenye logi, faili ya kumbukumbu tunayosoma sisi. `display_errors`, mpangilio wa kuonyesha hitilafu kwenye skrini, izimwe kwenye seva ya wateja.

mzee_wa_php5: Polepole jamani. Wengine tuna wateja walio kwenye 7.4 mpaka leo. Akifuta yote, nani atawasaidia wanaotunza hiyo mifumo?

mwanalogi: Shikamoo mzee. Waandikiwe mstari huu kabla ya kuunganisha hifadhidata:

`mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT);`

7.4 itarusha eksepsheni kama 8.1, na mfano mmoja utawatosha wote.

kipanga_tz: Kwa hiyo kila kwiri niifunge ndani ya try/catch, ya kudaka eksepsheni?

dada_msimbo: Hapana! Huo ndio ugonjwa wa pili: watu wanadaka kila kitu halafu kimya, hata logi haijui. Daka pale tu ambapo una la kufanya. Mfano hitilafu namba 1062, thamani imejirudia: mwambie mtumiaji kwamba barua pepe hiyo imeshasajiliwa. Namba nyingine irushe tena, ipande hadi kwenye `set_exception_handler`, inayopokea eksepsheni zote zisizodakwa, pawe mahali pamoja.

mzee_wa_php5: Marahaba mwanalogi, hapo sawa. Ila kila mfano uandikwe juu yake umejaribiwa kwenye toleo gani.

kipanga_tz: Nashukuru sana. Naanza na ukurasa wa kuunganisha hifadhidata, maana ndio unaonakiliwa kuliko yote. Bosi nitamwendeshea huo mfano wa zamani kwenye 8.2 mbele yake, kisha niombe wiki mbili.

dada_msimbo: Omba tatu.